Mkaguzi Naye Akaguliwe: Kisa cha Shule ya Caversham na Ofsted

Shule ya Msingi ya Caversham iko Reading, mji ulio magharibi mwa London. Ruth Perry alisoma hapo akiwa mtoto, akarudi ukubwani, na kuanzia 2010 akawa mwalimu mkuu wake. Jumanne ya tarehe 15 Novemba 2022 wakaguzi wa Ofsted, chombo kinachokagua shule za England, waliingia shuleni, wakaondoka Jumatano jioni. Tarehe 8 Januari 2023, ripoti ya ukaguzi ikiwa haijatoka, Ruth Perry alijitoa uhai.

Hizo ndizo tarehe za kisa hiki. Yaliyotokea Uingereza baada ya hapo, mahakamani, bungeni na kwenye malango ya shule, yalitokana na swali moja ambalo familia yake ililiuliza na ikakataa kulinyamazia: wakaguzi wenyewe wanakaguliwa na nani, na nani anaruhusiwa kuona walichoandika?

Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu nimewahi kusimama mbele ya darasa mkaguzi akiwa ameketi dawati la nyuma. Aliandika kipindi kizima, karibu bila kuinua uso. Kengele ilipolia alifunga daftari, akanishukuru, akatoka. Mpaka leo sijui aliandika nini. Wiki kadhaa baadaye ripoti ilimfikia mwalimu mkuu wetu, akaisoma peke yake, kisha akaifungia kwenye kabati la ofisi pamoja na leja za vifaa na funguo za stoo. Sisi walimu tuliambiwa kikaoni kwamba tuongeze bidii kwenye maandalio ya somo. Mzazi hata mmoja hakuonyeshwa ukurasa wake. Wakati ule niliona ni jambo la kawaida. Kisa cha Caversham ndicho kilichonifanya nione kwamba halikuwa la kawaida hata kidogo.

Ofsted ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ndiyo inayokagua shule za England. Ni idara ya serikali, lakini haiko chini ya waziri. Inaongozwa na Mkaguzi Mkuu na inawajibika kwa Bunge. Ripoti zake, tofauti na ile iliyofungiwa kabatini kwetu, hutolewa hadharani, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Kwa hiyo ukiitazama kwa mbali utasema hiki ni chombo cha uwazi: kinaingia shuleni, kinachungulia kila mahali, kinamweleza mzazi kilichoona. Na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini uwazi huo ulikuwa wa upande mmoja. Shule ilifunguliwa mpaka kwenye faili za watumishi, wakati njia ya kufikia uamuzi, maandishi ya mkaguzi yaliyojenga uamuzi huo, na namna ya kuupinga vilibaki ndani ya Ofsted.

Wakati ule Ofsted ilikuwa na madaraja manne, ambayo kwa Kiswahili naweza kuyaita Bora Sana, Nzuri, Inahitaji Kuboreshwa na Hairidhishi. Shule ilipewa daraja kwa kila eneo, kisha yote yakafungwa pamoja kwa neno moja la jumla. Caversham ilipata Nzuri kwa ubora wa elimu, Nzuri kwa tabia na mwenendo wa wanafunzi, Nzuri kwa makuzi yao, na Nzuri kwa elimu ya awali. Ripoti yenyewe iliieleza kuwa ni shule changamfu inayomkaribisha mtoto. Eneo la tano lilikuwa uongozi, na hapo neno lilikuwa Hairidhishi, kwa sababu wakaguzi waliona kwamba ulinzi wa watoto haukusimamiwa ipasavyo: viongozi hawakuyaelewa vya kutosha masharti yake, na kumbukumbu za matukio yanayotia shaka pamoja na ufuatiliaji wake zilikuwa dhaifu. Neno hilo moja likaimeza shule nzima. Kwenye kichwa cha ripoti, shule yenye Nzuri nne ikaandikwa Hairidhishi.

Na neno hilo halikuishia kwenye karatasi. Kwa sheria ya wakati huo, shule ya serikali iliyoandikwa Hairidhishi ilitolewa amri ya kuondolewa mikononi mwa halmashauri na kukabidhiwa taasisi nyingine ya kuiendesha. Mwalimu mkuu aliyesikia neno hilo alijua kwamba kazi yake ya miaka kumi na miwili na jina lake mtaani, na pengine hata ajira yake, vimewekwa rehani.

Hapa lazima nisimame na kusema jambo ambalo watetezi wengi wa walimu hulipita haraka. Ulinzi wa watoto si jambo la makaratasi. Mtoto akipigwa nyumbani, akaja shuleni na alama mkononi, na mwalimu akaiona lakini hakuiandika, alama ya pili itaonekana kama ya kwanza. Kumbukumbu zikiwa ovyo, hakuna atakayeunganisha la Jumatatu na la Alhamisi. Mkaguzi anayekuta kumbukumbu mbovu ana wajibu wa kusema, na kusema kwa sauti. Sina ugomvi na hilo, wala familia ya Ruth Perry haikudai kwamba shule zisikaguliwe. Ugomvi ni jinsi lilivyosemwa, na kwamba aliyeambiwa hakuachiwa mahali pa kulijibia.

Tena kuna upande wa wazazi. Caversham ilikuwa imekaguliwa mara ya mwisho mwaka 2009, ikapewa Bora Sana. Kuanzia 2012 shule zenye daraja hilo zilisamehewa ukaguzi wa kawaida, na msamaha huo ukadumu hadi 2020. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mitatu mzazi wa Reading aliyetaka kujua hali ya shule alisoma neno lililoandikwa kabla ya mtoto wake kuzaliwa. Ukipita kwenye shule za England utaona madaraja hayo yamechapwa kwenye mabango na kufungwa kwenye uzio. Watu huchagua nyumba ya kununua kwa kuyatazama. Neno moja lililochakaa likiwa zuri halimnyanyasi mtu, ndiyo maana hakuna aliyelalamika. Lakini ni kutokuwa wazi vilevile. Mzazi aliamini anajua kumbe hajui. Na neno lilipokuja kubadilika, lilianguka kutoka ghorofa ya juu kabisa hadi chini bila kupita ngazi yoyote ya katikati, na mtu mmoja akabebeshwa anguko lote.

Sasa nirudi kwenye wiki zile saba na siku chache kati ya Novemba 16 na Januari 8, kwa sababu kwangu mimi hapo ndipo kiini cha kisa kilipo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Siku ya pili jioni wakaguzi hukaa na mwalimu mkuu na wajumbe wa bodi ya shule, wakawaeleza daraja walilofikia. Hilo huitwa daraja la awali. Kisha rasimu huandikwa, hupitiwa ndani ya Ofsted, hutumwa shuleni ili shule isahihishe makosa ya taarifa, halafu ripoti hutangazwa. Kwa Caversham ripoti ilitoka Machi 2023, miezi minne baada ya ukaguzi. Katika muda wote huo matokeo yalikuwa siri. Mwalimu mkuu alikuwa anayajua, bodi inayajua, Ofsted inayajua. Wazazi waliomsalimia getini kila asubuhi walikuwa hawajui.

Jaribu kulitazama jambo hili kwa karibu. Ni Desemba. Shule ya msingi ya England mwezi huo ni maigizo ya Krismasi, nyimbo, kadi za watoto, wazazi wamejaa ukumbini wanapiga picha. Mwalimu mkuu amesimama mbele anawakaribisha wageni, na anajua kwamba siku watakayoambiwa lile neno, baadhi yao watajiuliza kama mtoto wao yuko salama mikononi mwake. Haruhusiwi kuwaeleza. Haruhusiwi kusema, "Tumekutwa na kasoro hizi, tumeshaanza kuzirekebisha." Kasoro zenyewe ni za aina ambayo shule inaweza kuziondoa katika muda ule ule wa kusubiri, lakini ripoti itakapotoka itasoma vilevile kama siku ya ukaguzi. Familia ilieleza baadaye jinsi kimya hicho kilivyomkaba. Msomaji yeyote aliyewahi kubeba habari mbaya asiyoruhusiwa kuitoa hahitaji maelezo zaidi.

Ofsted ilikuja kufafanua mwaka 2023 kwamba mwalimu mkuu anaweza kuzungumza na familia yake, daktari wake, wenzake na wanaomsaidia kuhusu matokeo ya awali. Ufafanuzi mzuri. Lakini kanuni ikihitaji kufafanuliwa baada ya msiba, basi waliokuwa chini yake waliielewa vingine, na aliyeiandika hakuwahi kwenda kuuliza waliielewaje. Sharti la usiri lilikuwa na sababu yake: daraja la awali linaweza kubadilika, na si haki kulitangaza kabla halijathibitishwa. Sawa. Ila usiri unaomlinda mkaguzi asitangaze jambo lisilo hakika ni kitu kimoja, na usiri unaomfunga mdomo anayekaguliwa ni kitu kingine. Ofsted iliviweka viwili hivyo kwenye gunia moja.

Je, angeweza kukata rufaa? Hapa ndipo anayetafuta uwazi anapogonga ukuta. Ngazi za malalamiko zilikuwepo. Kwanza ulizungumza na mkaguzi mwenyewe, yaani mtu yule yule unayemlalamikia. Kisha ukaandika malalamiko rasmi, yakajibiwa na Ofsted. Usiporidhika, Ofsted ilipitia upya namna Ofsted ilivyoyashughulikia. Mwisho kabisa ulikuwepo msuluhishi wa nje, lakini yeye aliangalia tu kama malalamiko yalishughulikiwa kwa utaratibu. Hakuwa na uwezo wa kufuta daraja. Waswahili tuna usemi kwa hali hii: kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Sisemi kwamba waliokuwa wakijibu malalamiko hawakuwa waaminifu. Nasema walioulizwa kama nyumba yao ina ufa walikuwa wanakaa ndani ya nyumba hiyo.

Jambo hilo lilikuwa limeshafikishwa mahakamani miaka kadhaa kabla. Shule ya Durand, kusini mwa London, ilipewa Hairidhishi baada ya ukaguzi wa mwishoni mwa 2016, ikaenda Mahakama Kuu. Hoja yake ilikuwa kwamba utaratibu wa malalamiko haukuruhusu shule iliyopata daraja la chini kabisa kuupinga uamuzi wenyewe. Ni shule zilizopata madaraja ya juu zaidi ndizo zilizoruhusiwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikubaliana na shule na kuifuta ripoti. Ofsted ikakata rufaa, na Desemba 2018 Mahakama ya Rufani ikaipa ushindi, ikisema utaratibu ukitazamwa kwa ujumla wake ulikuwa wa haki, kwa kuwa shule hupewa nafasi ya kutoa maoni kwenye rasimu. Kisheria hapo palikwisha. Lakini mtu mwenye kutaka chombo chake kiaminike angejiuliza kwa nini jaji mmoja, baada ya kusoma utaratibu wote, aliona mtu aliyepewa adhabu kubwa zaidi ndiye aliyefungiwa mlango. Kushinda kesi si sawa na kuondoa shaka. Miaka minne baadaye Ruth Perry alikuta malalamiko bado yanaamuliwa na Ofsted yenyewe.

Kifo kilipojulikana kwa upana, Machi 2023, wakati ripoti inatoka, vyama vya walimu viliomba ukaguzi usimamishwe kwa muda. Ofsted ilikataa. Mwalimu mkuu mmoja wa shule nyingine huko Berkshire, ambako Reading ipo, alitangaza kwamba hatawafungulia wakaguzi lango. Watu wakakusanyika nje ya shule kumuunga mkono, na mwishowe wakaguzi waliingia huku walimu wamevaa vitambaa vyeusi mkononi. Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Amanda Spielman, alihojiwa kwenye televisheni akasema hakuona sababu ya kutilia shaka ukaguzi wa Caversham. Mwezi Juni mwaka huo shule ilikaguliwa tena. Ripoti ya Julai iliipa Nzuri kwa kila eneo, uongozi ukiwemo. Ilikuwa miezi saba tu tangu ukaguzi ule wa Novemba.

Familia, ikiongozwa na dada wa marehemu, Profesa Julia Waters, haikuridhika na maneno ya televisheni. Na hapa pana somo kubwa la kiutendaji. Hawakupata uwazi kwa kuandika barua. Waliupata kwenye uchunguzi wa kisheria wa kifo, ule ambao England na Wales hufanywa na ofisa maalumu wa mahakama mtu anapokufa kifo kisicho cha kawaida. Uchunguzi huo si kesi ya kumtia mtu hatiani. Kazi yake ni kujua nani alikufa, lini, wapi na ilikuwaje. Lakini una nguvu ambayo barua ya malalamiko haina: unaweza kumwita mkaguzi, ukamwapisha, ukamuuliza mbele ya watu na waandishi wa habari alifanya nini saa ngapi, na ukadai kuona maandishi. Familia ililazimika kuchangisha fedha kwa umma ili iwe na mawakili, wakati upande wa pili ulikuwa na mawakili wanaolipwa na serikali. Hilo nalo ni sehemu ya kisa. Uwazi uliopatikana Reading ulinunuliwa kwa michango ya majirani na watu wasiojulikana.

Uchunguzi ulianza mwishoni mwa Novemba 2023 mbele ya mchunguzi mkuu wa vifo wa Berkshire, Heidi Connor. Yaliyojitokeza yalionyesha kwa nini chombo hakiwezi kujieleza chenyewe kikaeleweka. Kwa mfano, Ofsted ilieleza kwamba ukaguzi ungeweza kusitishwa kama mwalimu mkuu angeonekana amelemewa. Likafuata swali la kawaida kabisa: sera hiyo imeandikwa wapi? Wakaguzi wamefundishwa lini? Shule imeambiwa vipi kwamba ina haki ya kuomba? Majibu hayakusimama. Heidi Connor alilifananisha jambo hilo na kiumbe wa hadithini, aliyezuliwa na kukuzwa pale pale kwenye uchunguzi.

Huo ni mfano ninaoupenda zaidi katika kisa chote, na nawashauri walimu na wazazi wauweke kichwani. Chombo cha umma kikikuambia kina utaratibu, usibishane nacho kama utaratibu ni mzuri au mbaya. Omba uonyeshwe ulipoandikwa, tarehe ulipoanza, na jina la waraka. Mara nyingi ubishi wote unakwisha hapo.

Tarehe 7 Desemba 2023 uamuzi ulisomwa. Heidi Connor alisema ni kifo cha kujiua kilichochangiwa na ukaguzi wa Ofsted uliofanyika Novemba 2022. Neno "kuchangiwa" lina uzito wake na halipaswi kupunguzwa wala kuongezwa. Hakusema Ofsted ilimuua mtu. Hakusema daraja lilikuwa sahihi au kosa, maana hilo halikuwa jukumu lake. Alisema sehemu za ukaguzi zilifanywa bila haki, heshima wala kujali hisia, na kwamba kwa nyakati fulani mwenendo wa mkaguzi ulikuwa wa utovu wa adabu na wa kutisha. Kisha akaandika ripoti ya kuzuia vifo vingine, akitaja mambo yanayomtia wasiwasi. Alitaja mfumo unaoipa shule iliyo nzuri kwa kila hali, isipokuwa kasoro za ulinzi wa watoto zinazoweza kurekebishwa kabla ripoti haijatoka, neno lile lile linalopewa shule mbovu kila upande. Alitaja ukosefu wa mafunzo na sera iliyoandikwa kuhusu mwalimu anayeonyesha dalili za kulemewa. Alitaja kukosekana kwa njia iliyo wazi ya kupaza sauti ukaguzi ukiendelea. Alitaja sharti la usiri, na muda mrefu wa kusubiri ripoti. Na akataja jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: kwamba baada ya kifo Ofsted haikuwa imefanya tathmini rasmi ya kujifunza kutokana na yaliyotokea.

Shule ikikosa kuandika tukio na kulifuatilia, Ofsted inaiita Hairidhishi. Chombo chenyewe kilipopatwa na tukio zito kuliko lolote, hakikuliandika wala kulifuatilia kwa kipimo kile kile.

Mabadiliko yalianza kuja, na ni haki kuyataja. Mkaguzi Mkuu mpya, Martyn Oliver, alishika kazi Januari 2024, akaomba radhi na kuchelewesha ukaguzi mwanzoni mwa muhula hadi wakaguzi wapewe mafunzo kuhusu afya ya akili. Ngazi ile ya Ofsted kujipitia yenyewe kwenye malalamiko iliondolewa, na shule ikaweza kupiga simu siku inayofuata ukaguzi kueleza lisilokwenda sawa. Wawakilishi kutoka nje wakaanza kupitia sampuli ya malalamiko yaliyokwisha kufungwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 2023, Ofsted ilikuwa imetangaza kwamba ripoti zitasema "shule" badala ya kumnyooshea kidole mwalimu mkuu. Septemba 2, 2024 serikali ilifuta neno moja la jumla kwa shule za serikali, na tangu Novemba 2025 shule hupewa kadi yenye madaraja kwa kila eneo pamoja na maelezo. Ofsted pia ilimwita Christine Gilbert, aliyewahi kuwa Mkaguzi Mkuu mwenyewe kati ya 2006 na 2011, afanye tathmini huru ya namna taasisi ilivyolipokea jambo hili. Taarifa yake ya Septemba 2024 ilieleza taasisi iliyojihami na kuridhika na hali yake, ikapendekeza bodi yenye meno zaidi ya kumsimamia Mkaguzi Mkuu.

Je, hayo ni uwazi? Nusu. Kadi mpya inamweleza mzazi mengi kuliko neno moja, na hilo ni jema. Profesa Waters na vyama vya walimu wamesema wazi kwamba madaraja mengi zaidi yanaweza kuwa presha ile ile iliyogawanywa vipande, na ninaelewa wanachohofia. Lakini kwangu kadi ni suala la jinsi ya kusema. Suala la jinsi ya kuamua bado halijafunguka vya kutosha. Maandishi ya mkaguzi, yale ambayo daraja limesimama juu yake, hayatolewi pamoja na ripoti. Msuluhishi wa nje bado hana uwezo wa kubadilisha daraja. Shule inayotaka kupinga inapingana na hitimisho bila kushika mkononi ushahidi uliolizaa. England ina sheria ya uhuru wa taarifa ya mwaka 2000, na ombi lazima lijibiwe ndani ya siku 20 za kazi, ila sheria hiyo pia ina vifungu vya kuzuia taarifa zinazohusu kazi ya ukaguzi. Kama ningekuwa na neno la kumwambia Mkaguzi Mkuu, ningemwambia aikabidhi shule, siku ile ile ya daraja la awali, maandishi yote yaliyofanya daraja hilo liamuliwe, majina ya watoto na ya watu binafsi yakiwa yamefichwa. Mkaguzi anayejua kwamba daftari lake litasomwa kesho yake huandika kwa uangalifu. Huuliza tena pale asipokuwa na hakika.

Nalisema hili nikifikiria pia kabati lile la ofisi ya mwalimu mkuu wetu. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Kenya ina sheria yake ya mwaka huo huo, siku 21. Wadhibiti ubora wa shule kwetu na maofisa wa ubora na viwango kule Kenya ni watumishi wa umma, na ripoti wanazoandika ni mali ya umma. Mzazi au mwalimu anayetaka kuiona ya shule yake na aandike barua, ataje jina la shule, mwaka wa ukaguzi na waraka anaoutaka, aweke tarehe, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiombe "taarifa kuhusu ukaguzi", maana ombi pana hupata jibu pana. Aombe ripoti, aombe mapendekezo yaliyotolewa, aombe kujua yapi yametekelezwa. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi.

Kule Reading kuna jambo moja dogo la kisheria ambalo halinitoki. Ripoti ya kuzuia vifo ya Heidi Connor haikuwa ushauri wa kuwekwa pembeni. Taasisi inayoandikiwa hulazimika kujibu kwa maandishi, ikieleza itafanya nini na lini, na kwa kawaida jibu hilo huwekwa hadharani. Muda inaopewa ni siku 56. Ruth Perry alikaa na daraja lake kimya kwa siku 53. Jibu la Ofsted lilitoka Januari 2024, ndani ya muda, na mtu yeyote anaweza kulisoma.